Usuli wa Mchezo wa Simbi Sita

Deo alinipigia simu saa kumi na mbili na robo asubuhi, na mimi mtu akinipigia kabla jua halijakaa sawa najua kuna msiba. Nilipokea huku mkono uko kifuani. Sikuuliza habari gani wala nini, niliuliza "Nani?" Akasema, "Mimi Deo. Deo wa Miono." Miaka zaidi ya ishirini hatujasemezana, halafu mtu anakwambia Deo wa Miono kana kwamba mliachana juzi sokoni! Nikamuuliza nani kafa. "Hakuna aliyekufa, Mwanaidi," akasema, na nikasikia anacheka. "Mchezo unatoka."

Jumamosi ile akaja kwangu Bagamoyo. Amenenepa, kipara kinamng'aa, na siku hizi anaongea polepole kama mtu aliyezoea kusikilizwa. Yeye na mwenzake wana kijiofisi cha uchapishaji Dar, watu wawili tu na mashine moja, wanatoa vitabu viwili vitatu kwa mwaka na kuvifunga wenyewe kwa mikono. Akanitolea kwenye mkoba nakala ya kwanza. Juu imeandikwa *Majabari*, na chini yake: mchezo wa kusimulia wa watu wanne hadi sita. Mnakaa mezani, kila mmoja anakuwa jabari mwenye uwezo ambao binadamu hana, mmoja wenu anakuwa msimulizi, na kisa mnakitunga pamoja mnapocheza. Nilifungua ukurasa wa kanuni, nikaona maneno yangu ya usichana yamechapwa kwa herufi nzuri, nikaifunga nakala haraka. Deo hakuona. Alikuwa anakula chapati zangu na kuomba jambo moja. "Niandikie usuli," akasema. "Ukurasa mmoja wa nyuma. Mchezo ulivyozaliwa, chumba kile, vitumbua, Mama mdogo na habari yake ya dadu. Uchekeshe kidogo." Nikajibu sawa. Nina wiki ya tatu sasa na hiyo sawa yangu. Kila nikianza kuchekesha mkono unagoma. Basi naandika yote, yeye ataamua mahali pa kukata.

Ulikuwa mwaka wa kusubiri. Tulimaliza kidato cha nne tukasubiri matokeo, matokeo yakatoka tukasubiri majina ya waliochaguliwa kuendelea. Mimi tangu zamani ni mtu wa wasiwasi, na kusubiri hakunifai kabisa. Nilikuwa nikikaa na Mama mdogo na kumsaidia dukani kwake, duka la steshenari lenye mashine ya fotokopi na simu ya kulipia iliyofungwa kwenye kisanduku cha mbao. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba cha kuwekea karatasi. Hicho ndicho chumba chenyewe. Kilikuwa na joto na harufu ya wino wa mashine, maboksi ya karatasi yalikuwa viti vyetu, meza ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili, na dirisha lilikuwa na nondo tu, halina kioo. Nje ya dirisha, kwenye kichochoro, alikaa Bi Tatu na jiko lake la vitumbua. Moshi wake uliingia kwetu, maneno yetu yalitoka kwake. Hilo la pili hatukulifikiria hata siku moja.

Deo, niliyesoma naye darasa moja, alikuja na kitabu. Mwalimu mmoja wa kujitolea, mgeni, alikiacha shuleni kwetu alipoondoka, kijitabu kilichochakaa cha mchezo wa mashujaa, kimechapwa na mtu mwenyewe na marafiki zake huko kwao, kurasa za mwisho hazipo. Kilikuwa kwa Kiingereza, tukakisoma na kamusi pembeni. Kilichomshika Deo hakikuwa watu wa kuruka angani. Ni kwamba mwandishi, kila baada ya kanuni, aliweka maelezo madogo: hapa nilikosea, hapa rafiki yangu alikasirika tukabadilisha. Deo alikuwa hajui kwamba kitu kilichochapwa kinaweza kukiri kosa. "Kumbe huyu naye ni mtu kama sisi," alisema. "Basi na sisi tutunge wetu." Tukaanza siku ileile, na wenzetu wawili wa darasani wakawa wanakuja mchana kutujaribia.

Majabari yetu hayakuvaa nguo za kubana wala kuficha uso, maana Bagamoyo ukificha uso watu watakujua kwa mwendo. Deo alitaka kila uwezo uwe na gharama yake. Alikuwepo Bi Kivuko, aliyeweza kukutoa Vigwaza akakutua Saadani kabla hujafumba jicho, lakini kila safari ikimsahaulisha jina la ndugu yake mmoja. Alikuwepo Kipaza, aliyesikia mnong'ono nyuma ya kuta saba na asimsikie mama yake akimwita chakula. Tulicheka sana na Kipaza. Tulikula vitumbua vya Bi Tatu mpaka daftari la kanuni likawa na alama za mafuta kila ukurasa, na Deo akasema siku tukichapa tuziache alama hizo.

Shida ilikuwa dadu. Kitabu cha wageni kilitaka dadu za pande kumi, ambazo hatujawahi kuziona, sisi tukatumia za ludo. Siku ya tatu Mama mdogo akazisikia zikigonga mlango wetu wa meza. Aliingia na rula mkononi. "Dadu? Ndani ya duka langu? Leo mnarusha, kesho mnawekeana pesa, keshokutwa polisi hao mlangoni! Kamari sitaki." Deo akasema, "Shikamoo mama, lakini huu si..." "Marahaba. Toa dadu." Tukazitoa. Wiki nzima tulikuwa wanyonge, mpaka mimi nikakumbuka simbi, wale konokono wa pwani wenye gamba la kung'aa tuliowachezea tukiwa watoto. Tukatafuta simbi sita za ukubwa mmoja. Unarusha, unahesabu zilizolala mdomo juu. Deo alifurahi karibu alie. "Dadu haina haya," alinieleza, "sita yake inatoka sawa na moja. Simbi zote sita kulala mdomo juu ni mara moja katika kurusha mara sitini na nne. Nyingi zitakuja katikati, kama maisha." Mama mdogo akazitazama, akasema hizo hazina neno.

Halafu nikaongeza kanuni yangu. Katika kile kitabu mchezaji alitaja anachotaka kufanya, akarusha. Nikasema haitoshi, mtu hatendi kwa kutaka tu, anatenda na hofu yake mgongoni. Kwa hiyo kwetu ilikuwa hivi: taja unachokitaka, taja unachokiogopa, kisha rusha. Zikilala sita mdomo juu, unachokitaka kinakuja na hofu inakufa. Zikilala zote kifudifudi, hofu yako ndiyo kweli. Katikati, unapata kidogo cha hiki na kidogo cha kile, msimulizi ataamua. Deo akaongeza moja ya kwake, akaipigia mstari mara mbili: msimulizi haruhusiwi kusema uongo juu ya simbi. Tuliona tumetunga kitu ambacho dunia haijakiona. Vijana wanne wa pwani, mmoja wetu mjukuu wa sheikh, na hakuna aliyegundua kwamba tumekwepa kamari tukaangukia ramli. Tunarusha simbi, tunamwambia mtu ataje haja yake na hofu yake, tunamsomea jibu! Hata mganga angetuonea wivu. Lakini sisi macho yetu yalikuwa kwa Bi Kivuko, hatukuona tulivyosikika kutoka kichochoroni.

Sasa habari ya Bi Tatu. Binti yake Rehema, mkubwa wangu kwa miaka mitatu, alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, na kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi alipiga simu ile ya dukani. Mimi ndiye niliyepokea. Nilikuwa nikipaza sauti dirishani, "Bi Tatu, simu!" naye anakuja mbio na upawa mkononi, unga unachuruzika sakafuni, Mama mdogo ananuna. Halafu Ijumaa moja simu haikulia. Na iliyofuata. Ilipofika miezi minane nilikuwa siwezi kuisikia simu ile ikiita bila kukauka mate, kwa kuogopa kuwa si yeye, na kwa kuogopa zaidi kuwa ni mtu mwingine anayepiga kwa habari yake. Kila simu ikilia Bi Tatu aliinua uso dirishani, akanitazama, nami nikatikisa kichwa, akarudi kwenye vitumbua vyake.

Kisha mumewe, Mzee Shomari, akasikia kwa mtu aliyerudi kutoka huko kwamba kuna binti wa Bagamoyo alifariki, jina hakulijua sawasawa. Mzee Shomari akaamua basi, inatosha, asomewe hitima kama aliyekufa. Niliwasikia wakibishana kichochoroni mchana kweupe. "Unamzika mwanangu kwa jina usilolijua?" Bi Tatu alisema. Naye Mzee Shomari, taratibu, bila ukali: "Nimechoka, Tatu. Kila usiku namwombea, sijui kama yu hai au maiti. Nichague moja." Siku ikapangwa. Ndugu wakaanza kuambiwa.

Alhamisi moja baada ya adhuhuri Mama mdogo alikwenda msibani Mkange, Deo alikwenda Dar kufuata majalada arobaini ya kufungia nakala za mchezo wetu, nami niko peke yangu chumbani nakata karatasi. Bi Tatu akaingia. Alikuwa amejifunika kanga safi, na mkononi ana kipande cha ubani kwenye karatasi. Akauweka mezani, kama anavyowekewa mganga. Nilipouona ule ubani ndipo nilipojua, yote kwa mara moja, tulichokuwa tukikifanya pale miezi yote. "Bi Tatu," nikasema, "huu ni mchezo tu. Wa kutunga. Kama hadithi." "Naujua mchezo wenu, mwanangu. Nausikia kila siku." Akakaa kwenye boksi, akatandika mikono magotini. "Nataka simu ile ilie na awe Rehema," akasema. "Naogopa Shomari amesema kweli." Na kabla sijasema lolote akachukua simbi, akazirusha.

Zote sita kifudifudi. Katika miezi mitano ya kucheza nilikuwa nimeliona hilo mara chache tu. Migongo yao myeupe imekaa juu ya mlango ule kama meno. Bi Tatu alizipitishia jicho tu, kisha akaniangalia mimi. "Zimesemaje?" Nilikuwa na njia ya kutoka. Ningesema simbi hazijui kitu, Bi Tatu, hizi tuliziokota wenyewe ufukweni, twende nikusindikize nyumbani. Nimeyasema maneno hayo peke yangu mara elfu tangu siku ile. Lakini nilichosema ni, "Yu hai. Anarudi." Na niseme lililo baya zaidi, kwa kuwa Deo anataka usuli: haikuwa huruma peke yake. Miezi yote ile nilikuwa nikitetemeka kwa kila kitu, matokeo, simu, nyayo za mtu wa posta, halafu mtu mzima amekaa mbele yangu ananiuliza mimi. Nilipenda kuulizwa.

Hitima haikusomwa. Jioni ileile Bi Tatu alimwambia mumewe mbele ya ndugu zake kwamba mtoto yu hai, wale watoto wa steshenari wameona. Kabla wiki haijaisha walikuja wanawake wawili na ubani wao, mmoja kwa habari ya mume, mwingine kwa habari ya kiwanja. Mama mdogo aliwakuta mlangoni. Sijapata kumwona vile. "Nilikataza kamari, mkaniletea ramli!" Akafagia simbi kwa ufagio mpaka kichochoroni, akafunga chumba, akakaa juu ya boksi la fotokopi anatweta. Naye Deo alirudi na majalada yetu yamefungwa kwa kamba, anang'ara, nikamsimulia pale pale barazani. Nilidhani atamwogopa baba yake, mwalimu na mtu wa kanisa. Hakuuliza hilo. Aliuliza, "Zilitoka ngapi?" "Sifuri." "Na ukasema?" "Nikasema yu hai." Akasema, "Umesema uongo juu ya simbi." Nikapandwa na hasira. "Deo, simbi hazijui chochote! Ni makombe!" "Kama hazijui chochote," akasema, "kwa nini ulidanganya?" Akaniachia majalada, akapanda gari la Miono. Baada ya hapo alichaguliwa kidato cha tano, mimi sikuchaguliwa mwaka ule, na mambo yetu yakaishia hapo.

Nilibaki na simu. Wiki sita. Kila ikilia Bi Tatu aliinua uso vilevile, ila sasa aliinua kwa tabasamu, na hilo tabasamu ndilo lililoniua. Nilikonda. Nilianza kusema na Mungu kwa lugha ya mchezo, nataka hiki, naogopa kile, nikajishtukia nikaomba toba. Asubuhi moja sikuweza tena. Nilimkuta uani kwake anachekecha unga wa mchele. "Shikamoo Bi Tatu." "Marahaba, mwanangu, karibu." Nikasimama tu, sikukaa. "Siku ile nilikudanganya. Simbi zote zililala kifudifudi. Sikuona kitu. Sijui kama yu hai." Nililia mimi, yeye hakulia. Aliendelea kuchekecha mpaka chekeche likabaki na chenga tupu, ndipo akaliweka chini.

"Miezi mitano nakaa chini ya dirisha lenu," akasema, "nisijue sifuri ni nini? Niliziona, Mwanaidi. Nilitaka tu mtu aseme. Mimi nikisema mwanangu yu hai, ni mama huyo, amechanganyikiwa. Akisema mwingine, Shomari anasikiliza." Nilihisi mwili wote umekuwa mwepesi, nikakaribia kucheka. Kumbe sikumdanganya mtu! Lakini hakuwa amemaliza. Alinitazama bila chuki yoyote. "Tulikuwa wawili tunaolishikilia neno hilo," akasema. "Mimi na wewe. Sasa umekuja kuliachia ili upate usingizi, na mimi siliwezi peke yangu." Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Jumatatu yake alimwambia Mzee Shomari apange siku. Hitima ya Rehema ilisomwa Ijumaa baada ya swala. Wanaume walikaa barazani na juzuu zao, sisi wanawake tulikuwa uani, sufuria mbili za pilau motoni, na mimi nilipewa sinia la mchele wa sufuria ya tatu niuchambue. Nilikaa karibu na ukuta, nikainamisha kichwa, naokota punje za mawe. Wanawake walikuwa wakizungumza chini chini kuhusu vitunguu na chumvi. Wifi yake Bi Tatu, mwanamke mwenye sauti, alikuwa akikuna nazi, akaacha kukuna. "Hivi," akasema, uani kote kukasikika, "si kuna msichana alisema huyu mtoto yu hai? Ametucheleweshea hitima ya watu kwa uongo wake. Ni nani yule? Yumo humu?"

Mikono yangu ikasimama kwenye mchele. Wapo waliojua, maana mji wetu mdogo, nikaona shingo mbili tatu zikigeuka. Nilitaka kusema ni mimi. Nilikuwa na neno mdomoni kabisa, herufi nne, na nilikuwa nimekwisha kulisema kwa Bi Tatu mwenyewe, kwa hiyo gumu lilikuwa limepita. Niliogopa. Bi Tatu alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko, anapuliza moto, macho mekundu kwa moshi. Akajifuta uso kwa pindo la kanga.

"Hakuna msichana," akasema. "Nilisema mwenyewe."

Wifi yake akamtazama, akaguna, akarudi kwenye nazi yake. Nami nikaendelea kuchambua mchele.